KIKULACHO NGUZO KI NDANI YAKE

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguzo ya baraza la nyumba tunayopanga, karibu na bahari, ilikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Mwenye nyumba akaupaka rangi, mambo yakaisha. Kumbe hayakuisha!

Mjomba wangu, ambaye ni fundi, alipokuja kututembelea aliigonga kwa nyundo. Juu ililia kwa sauti kali. Chini ililia "bubu" kama debe tupu. Akatuambia, "Watoto wasicheze hapa tena."

Je, msomaji, nini kilitokea? Zege zima lina besi nyingi. pH yake ni kama 12 hadi 13. Hali hiyo huvisha vyuma vya ndani utando mwembamba unaozuia kutu. Chumvi ya bahari hupenya polepole miaka na miaka, ikifika kwenye chuma huutoboa utando huo. Kutu nayo hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Basi zege hubanwa kutoka ndani, likapasuka.

Nyundo ni nzuri, lakini ikilia "bubu" tumeshachelewa, kwa maana zege limeachana na chuma. Wahandisi wana njia ya kujua mapema, kabla hata ya ufa kuonekana. Waya mmoja wa voltimita hufungwa kwenye chuma cha ndani. Waya wa pili hufungwa kwenye kijiti cha shaba kilicho ndani ya chupa ya maji ya salfeti ya shaba, nayo chupa huwekwa juu ya zege lililoloweshwa. Kipimo kikishuka chini ya milivolti -350, uwezekano wa kutu kuwa kazini ni zaidi ya asilimia 90. Kikiwa juu ya -200, chuma kinaelekea kuwa salama. Hapo katikati hakuna uhakika, ni lazima kupima tena.

Njia nyingine ni mawimbi ya sauti tusiyoweza kuisikia. Katika zege zuri hupita kwa kasi ya kilomita 4 hivi kwa sekunde. Yakikuta nyufa ndogo ndogo huzunguka, yakachelewa kufika.

Wenzangu, rangi si dawa. Ukiona ufa au doa la kutu, mwite fundi agonge, naye akishuku aitwe mhandisi apime. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hujengwa tena, lakini mtoto aliyeangukiwa harudi.