Ukuta Mmoja na Salfa

Msimu wa salfa ukiingia Newala, harufu yake haina mpaka. Iko kwenye nguo, kwenye mikeka, mpaka kwenye uji. Mikorosho inapulizwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na mifuko ya kilo 25 inapangwa popote penye paa lisilovuja. Katika kituo kimoja cha kulelea watoto mchana, paa hilo nililikuta kwenye chumba cha jirani, na ukuta uliokitenga na chumba cha watoto haukufika juu. Nilihesabu mifuko kumi na miwili, pembeni mashine ya kupulizia na kidumu cha petroli. Upande wa pili watoto walikuwa wamelala mkekani, vichwa vimeelekea ukutani.

Mama mwenye kituo anawapenda watoto wale kama wajukuu zake. Nilipomuuliza habari za moto alinionyesha mtungi mwekundu wa kuzimia, umetundikwa juu kabisa wasije wakauchezea. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala kwenye nyekundu: mtungi umeisha nguvu. Kuhusu chumba cha pili alisema, "Hicho si changu, ni cha mwenye nyumba."

Maneno hayo yalinikumbusha Hermosillo, mji wa Mexico. Tarehe 5 Juni 2009 moto ulianza kwenye ghala lililopakana na kituo cha watoto kiitwacho ABC. Ghala halikuwa la kituo. Moto ulipita juu ya dari, na walezi walipotambua, moshi ulikuwa umeshajaa. Mzazi mmoja aligongesha gari lake ukutani ili kutoboa njia ya kuwatoa watoto. Walikufa watoto 49, na wakubwa wao hawakuwa hata na umri wa kuanza darasa la kwanza.

Na salfa ina tabia yake. Haihitaji joto kubwa kushika moto, na inapowaka mwali wake ni wa buluu, mdogo, ambao mchana mtu anaweza asiuone. Moshi wake hukaba koo na kuchoma macho. Gesi yake ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo ikipoa hushuka na kutanda chini, pale pale pua ya mtoto wa miaka mitatu ilipo.

Sisi Watanzania tumeshazika watoto kwa moto wa shule. Idodi, Iringa, Agosti 2009, mshumaa uliteketeza bweni na wasichana 12 wakafa. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, bweni la shule ya msingi ya Byamungu liliungua na kuua watoto 10. Kila mara tukazungumzia mabweni, na ilikuwa haki yetu kuyazungumzia. Ila mtoto wa chekechea ana shida nyingine. Mwanafunzi wa sekondari akiona moto anatafuta mlango. Mtoto mdogo anatafuta pa kujificha: chini ya meza, nyuma ya pazia, ndani ya kabati la magodoro. Ukimwita hakuitikii, maana anadhani amekosa.

Kwa hiyo mlezi mmoja hawezi kuwatoa watoto arobaini, hata awe shujaa namna gani. Na mlango wenye grili na kufuli, ambao ufunguo wake umo kwenye mkoba wa mwalimu aliyekwenda sokoni, unawazuia wezi na watoto pia. Jiko la uji lihamie nje, mbali na ukuta. Nondo za dirisha moja walau zifunguke kwa ndani.

Maji ya kuzimia moto nayo ni shida: Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambao hauna mito juu yake. Tangu miaka ya 1950 maji husukumwa kwa mashine kutoka bonde la Kitangari, na nyumba nyingi bado zinategemea kisima cha kuvunia mvua. Kumwambia mlezi wa huku aweke pipa la maji lisiloguswa mwaka mzima ni kumwambia jambo gumu. Mchanga tunao tele. Ndoo nne za mchanga mkavu mlangoni huzima moto wa mafuta yaliyomwagika vizuri kuliko maji.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kisajiliwe, na ofisi ya Ustawi wa Jamii ndiyo ya kuanzia. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria yake ya 2007, lina mamlaka ya kukagua majengo. Mlezi awaite kabla hawajamjia. Wazazi nao, wanapokwenda kuokota korosho alfajiri na kumwacha mtoto, waulize jambo moja: nyuma ya ukuta huu kuna nini?

Yule mama mwenye kituo alimwita mwenye nyumba siku ile ile, wakabishana kidogo, na jioni mifuko ikahamishiwa kwenye banda la mbali. Wiki iliyofuata tulijaribu kuwatoa watoto. Mlezi aligonga rimu ya gari iliyoning'inia mwembeni, wakatoka wameshikana mikono, wakakaa kivulini. Daftari la mahudhurio lilisema 32. Tulihesabu 31, tukarudia, 31. Wa mwisho tulimkuta ndani, amejiviringisha kwenye mkeka uliokunjwa, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.