Mkuki Mrefu Kuliko Yote, na Waliougeukia Ukocha

Rekodi za chini ya ardhi watu wa Shinyanga na Geita wanazijua. Mwadui ndiko ilikotoka, mwaka 1947, almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Geita ina mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote nchini. Za mkuki hazisimuliwi, nazo zinastahili.

Mrusho mrefu kuliko yote ni mita 104.80, wa Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki, Berlin, 20 Julai 1984. Simama kwenye mstari wa goli katika uwanja wa mpira wa kawaida: mkuki ule unaanguka karibu kabisa na goli la pili. Mwaka 1986 kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele ili uiname mapema na kutua kwa ncha, na rekodi zikaanza upya. Hohn hakuonja Olimpiki, maana nchi yake iligomea Los Angeles. Akawa kocha, na kijana wake Neeraj Chopra wa India akatwaa dhahabu za Jumuiya ya Madola na za Asia mwaka 2018.

Los Angeles hiyo alikuwapo Zakayo Malekwa. Kwangu ndiye mrushaji mkubwa kuliko wote tuliowapata Tanzania: Olimpiki tatu mfululizo, Moscow 1980, Los Angeles 1984 na Seoul 1988, pamoja na shaba ya Jumuiya ya Madola, Brisbane 1982. Brisbane tunamkumbuka Gidamis Shahanga na dhahabu yake ya mita 10,000, na Juma Ikangaa na fedha ya marathoni. Haki yao. Malekwa naye alileta medali, tena katika mchezo ambao nchi hii ya wakimbiaji haikuutegemea.

Rekodi ya Afrika ni ya polisi wa Kenya, Julius Yego: mita 92.72, Beijing 2015, dhahabu ya dunia. Kila mtu husimulia kwamba alijifunza kwa kutazama YouTube, na ni kweli. Ila baadaye alikwenda Kuortane, Finland, akanolewa na kocha Petteri Piironen. Video haikushiki kiwiko.

Aliyeng'ara zaidi pande zote mbili, kurusha na kufundisha, ni Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki: dhahabu za Olimpiki 1992, 1996 na 2000, na mita 98.48 za Jena, 1996, ambazo hazijavunjwa. Akiwa kocha alimwongoza Barbora Špotáková hadi dhahabu ya London 2012. Na Mei 2025, huko Doha, Chopra akiwa mikononi mwake alivuka mita 90 kwa mara ya kwanza.

Halmashauri za Geita na Kahama hupokea fedha za migodi. Kabla ya UMISSETA ijayo, michezo ya shule za sekondari, zitenge fungu la mikuki halali, ya gramu 800 na 600, na la kumlipa kocha aliyewahi kuirusha mwenyewe, akae na vijana mwaka mzima.