Rais wa Mwaka Mmoja, Kisima cha Miaka Ishirini

Kila ifikapo tarehe 1 Julai, klabu za Rotary na Lions duniani kote huanza mwaka mpya wa kazi, na kwa kawaida huuanza na rais mpya. Iwe ni Dar es Salaam, Kisumu, Kampala au Chicago, mwalimu, mfamasia, wakili au mwenye duka la vifaa vya ujenzi amevishwa mkufu wa uongozi mbele ya wenzake, amekabidhiwa kengele ya kufungulia vikao, na muda wake umeanza kuhesabiwa. Ana miezi 12. Mwaka unaofuata mkufu utavaliwa na mwingine, hata kama kazi aliyoianza imefika nusu.

Wananchi wengi huziona klabu hizi siku za kukabidhi vitanda hospitalini au madawati shuleni, wanachama wakiwa wamevaa fulana za rangi moja na mgeni rasmi akikata utepe. Yaliyoitangulia siku hiyo hayaonekani, na yanayopaswa kuifuata huonekana kwa nadra zaidi. Hapo ndipo uongozi wa klabu unapopimwa. Mtu aliyepewa mwaka mmoja anaanzisha jambo ambalo watu watalitegemea kwa miaka ishirini. Je, mwaka wa tano nani atakwenda kuangalia kama bado linafanya kazi, na atamwambia nani?

Rotary ilizaliwa Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Mwanzoni walitafuta urafiki na kuinuana kibiashara. Mwaka 1907 waliyageuza macho yao kwenye shida ya mji wao: Chicago haikuwa na vyoo vya umma vya kutosha. Walipoanza kudai vijengwe, walipingwa na wenye baa na maduka makubwa, ambao vyoo vyao vilikuwa vinawaletea wateja. Klabu ililazimika kutafuta washirika, kuishawishi halmashauri ya jiji na kuvumilia hadi vikajengwa. Choo ndicho kilichokuwa mradi wa kwanza wa huduma wa shirika ambalo leo lina wanachama zaidi ya milioni moja. Lions nao walianzia Chicago, mwaka 1917, kwa juhudi za Melvin Jones aliyekuwa mfanyabiashara wa bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, aliwaomba wabebe mapambano dhidi ya upofu, na hadi leo huduma ya macho ndiyo inayowatambulisha. Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mwaka 1930.

Anayefikiri rais wa klabu ni bosi atashangaa. Watu anaowaongoza hawalipwi. Wao ndio wanaolipa ada. Hawezi kumfukuza kazi mjumbe aliyekosa kikao kwa sababu ya foleni ya barabarani, wala kumpa posho aliyekesha akiandaa harambee. Nyenzo zake ni chache: kuomba vizuri, kugawa kazi kwa anayeiweza, kuanza na kumaliza kikao kwa wakati, na kushukuru hadharani. Ana katibu wa kutunza kumbukumbu za vikao na orodha ya wanachama, mweka hazina, na wenyeviti wa kamati za miradi, wanachama na habari. Wenye uzoefu husema klabu inayomtegemea rais kwa kila simu na kila barua imeshaanza kuchoka kabla ya Oktoba.

Jambo la busara katika mfumo huu ni kwamba meza ya uongozi huwa na marais watatu kwa wakati mmoja. Yupo aliyemaliza, yupo aliyepo, na yupo mteule anayejiandaa kwa mwaka ujao. Wakikaa pamoja na kukubaliana, mpango unaweza kuvuka miaka mitatu bila kukatika. Lakini kila mmoja akitaka kuacha jina lake, basi kila Julai klabu itazaa mradi mpya na kuutelekeza wa mwaka uliopita. Ugonjwa huo wa “mradi wangu” umeziumiza klabu nyingi kuliko uhaba wa fedha.

Uganda imeonyesha njia nyingine. Mwaka 2012 Rotary nchini humo ilianzisha mbio za hisani dhidi ya saratani, na fedha zake zikaelekezwa kwenye kituo cha saratani katika Hospitali ya Nsambya, Kampala. Kujenga vyumba vyenye kuta nene za zege vya kuwekea mashine za mionzi si kazi ya rais mmoja. Marais wa klabu wamebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mbio zimeendelea na lengo halikuhamishwa. Dar es Salaam nako klabu za Rotary ziliungana kuandaa mbio za pamoja, ambazo kwa miaka mingi zimefanyika 14 Oktoba, Siku ya Mwalimu Nyerere. Mchangiaji aliyekimbia mwaka jana atarudi mwaka huu ikiwa tu ameambiwa fedha yake ilifanya nini.

Na hapo linaingia suala la taarifa, kazi ambayo viongozi wengi huiona mzigo wa karatasi na kumsukumia katibu.

Taarifa ya kwanza ni ya fedha, na ndiyo inayoondoa au kuleta minong’ono. Kanuni inayofuatwa na Lions, na ambayo klabu yoyote makini ingefanya vyema kuifuata, ni kutenganisha akaunti mbili. Moja ni ya uendeshaji, inayotokana na ada za wanachama. Nyingine ni ya fedha zilizochangwa na umma kwa ajili ya huduma. Chakula cha kikao, mabango na zawadi za wageni hulipwa kutoka ya kwanza. Ya pili haiguswi kwa mambo hayo hata shilingi. Mweka hazina anayesoma akaunti zote mbili kila mwezi, pamoja na taarifa ya benki, humwondolea rais wake maswali mengi kabla hayajaulizwa.

Afrika Mashariki si ngeni kwa nidhamu ya namna hii. Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa vijijini, vikiwemo VICOBA, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na hata asiyejua kusoma husikia kiasi kilichoingia na kilichotoka. Klabu ya mjini yenye programu za kisasa za uhasibu ina la kujifunza kwa vikundi hivyo.

Taarifa ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu inahusu kazi yenyewe. Chukua kisima. Klabu imechanga fedha, imechimba, imefunga pampu ya mkono na imekabidhi kijiji. Taarifa iliyozoeleka itasema kisima kimoja kimechimbwa, kimegharimu kiasi fulani, na kitahudumia kaya kadhaa. Yote yanaweza kuwa kweli, na bado msomaji asijue kama kuna mtu anakunywa maji yale. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa maji vijijini yamekuwa yakionyesha kwamba karibu theluthi moja ya pampu za mkono katika Afrika kusini mwa Sahara huwa hazifanyi kazi kwa wakati wowote ule. Si kwamba zilijengwa vibaya zote. Vipuri hukosekana, fundi yuko mbali, mfuko wa matengenezo haukuwahi kuanzishwa, au kamati ya maji ilisambaratika baada ya sherehe.

Kwa hiyo taarifa yenye manufaa huuliza mambo ya mwaka wa pili. Nani anashika ufunguo? Kila kaya inachangia kiasi gani, na fedha inawekwa wapi? Pampu ikiharibika, hupita siku ngapi kabla haijatengenezwa? Maji yamepimwa? Nchini Tanzania maswali haya yana mwenyewe: tangu mwaka 2019 Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ndiyo inayosimamia huduma ya maji vijijini pamoja na vyombo vya kijamii vinavyoiendesha. Klabu inayochimba kisima bila kumshirikisha meneja wa RUWASA wa wilaya inajenga kitu ambacho hakimo kwenye hesabu za mtu yeyote, na siku kikinyamaza hakuna atakayejua.

Mfuko wa Rotary, ambao mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26.50 kutoka klabu ya Kansas City, umeyaandika haya kuwa masharti. Ruzuku zake kubwa huanzia miradi ya dola 30,000, na klabu inayoomba hutakiwa kwanza kufanya tathmini pamoja na wananchi wenyewe ili ijulikane wanahitaji nini. Ikishapokea fedha, hutuma taarifa ya maendeleo ndani ya miezi 12, kisha kila baada ya miezi 12, na taarifa ya mwisho ndani ya miezi miwili tangu mradi ukamilike. Stakabadhi hutunzwa kwa miaka isiyopungua mitano. Ukihesabu tarehe hizo utaona kwamba mara nyingi rais aliyesaini ombi siye atakayesaini taarifa ya mwisho.

Hakuna kazi ya klabu hizi inayofundisha ukweli wa taarifa kama vita dhidi ya polio. Rotary ilizindua mpango wake wa PolioPlus mwaka 1985 kwa lengo la kuchanga dola milioni 120. Ilipofika 1988 ilikuwa imechangisha zaidi ya maradufu ya hizo. Mwaka huohuo ilishirikiana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kuanzisha juhudi za kuitokomeza polio kabisa. Wakati huo watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka katika nchi 125. Lengo lilikuwa mwaka 2000, na mwaka huo ukafika kabla ya ushindi. Wanachama wa kawaida, waliokuwa wakichangia vikaoni kidogo kidogo, waliambiwa hivyo bila kufichwa, na wakaendelea kuchanga.

Septemba 2015 Nigeria iliondolewa kwenye orodha ya nchi zenye polio ya kudumu. Mwaka haukupita ndipo Agosti 2016 watoto waliopooza kwa virusi vya polio ya asili wakagunduliwa katika jimbo la Borno. Virusi havikuwa vimeingia upya kutoka nchi nyingine. Vilikuwa vikizunguka katika maeneo ambayo vita vya Boko Haram vilizuia wachanjaji na wachunguzi kufika. Sifuri iliyokuwa ikiandikwa kwa Borno ilikuwa, kwa sehemu, sifuri ya mahali ambapo hakuna aliyeangalia.

Wataalamu wa polio walikuwa wakiijua hatari hiyo kwa muda mrefu, na ndiyo maana hawaridhiki na taarifa inayosema hakuna mgonjwa. Wanataka ushahidi kwamba wagonjwa wametafutwa. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea viungo ghafla, kwa sababu yoyote ile, anapaswa kuripotiwa na choo chake kupimwa maabara. Nchi isiyoripoti idadi ya kutosha ya watoto wa namna hiyo hushukiwa kwamba haitafuti. Ni baada ya zaidi ya miaka mitatu ya sifuri iliyothibitishwa kwa njia hiyo ndipo, tarehe 25 Agosti 2020, Kanda ya Afrika ilipotangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Na mapema 2022, virusi vyenye asili ya Pakistan vilipothibitishwa kwa mtoto mmoja wa Lilongwe, Malawi, Tanzania ilianza mara moja kuwachanja watoto katika mikoa yake inayopakana na nchi hiyo.

Klabu ndogo yenye wanachama ishirini inaweza kuutumia utaratibu huo bila gharama. Taarifa inayosema “visima vyote vinafanya kazi” iseme pia nani alikwenda, lini, na visima vingapi havikufikiwa kwa sababu barabara ilikuwa mbovu. Mradi uliokwama uandikwe kuwa umekwama, pamoja na sababu. Rais anayesoma aya kama hiyo mbele ya wafadhili huhisi jasho, lakini anawapa kitu cha kufanyia uamuzi, na anamwachia mrithi wake ramani ya kweli.

Afrika Mashariki ilikuwa na mtu aliyeushika msimamo huu kwa maisha yake yote. Sam Owori wa Uganda alijiunga na klabu ya Kampala mwaka 1978, akawa kiongozi wa taasisi ya nchi yake inayofundisha utawala bora wa mashirika, na alikuwa rais mteule wa Rotary duniani kwa mwaka wa 2018 hadi 2019 alipofariki Julai 2017, mwaka mmoja kabla ya kushika nafasi hiyo. Tangu enzi alipokuwa gavana wa klabu za ukanda huu mwishoni mwa miaka ya 1980, klabu za Uganda zilikuwa zimeongezeka kutoka 9 hadi 89. Watu hawajiungi kwa wingi namna hiyo na chama ambacho hawajui fedha zake zinakwenda wapi.

Ndiyo sababu Juni ni mwezi mzito kuliko sherehe zake zinavyoonyesha. Rais anayeondoka na rais mteule wanapaswa kukaa na faili la kila mradi: mkataba na kijiji au hospitali, watia saini wa benki wanaohitaji kubadilishwa, jina la fundi, tarehe ya taarifa inayofuata. Mahali palipo karibu, waende wote wawili wakapaone, na wananchi wamjue anayekuja. Julai ikianza, kazi ya kwanza ya rais mpya si kutangaza mradi wake. Ni kuuliza ni taarifa gani zimechelewa, kwa kuwa klabu yenye taarifa iliyopitiliza muda haitapewa ruzuku nyingine na Mfuko wa Rotary hadi deni hilo la karatasi limalizwe.