Kicho Ndicho Pambo la Ibada

Majuzi nilihudhuria Misa ya mazishi ya mwalimu mzee ambaye, miaka mingi iliyopita, alinifunza kusoma Kiswahili kwa sauti. Kanisa lilikuwa limefurika wanafunzi wake wa zamani. Kijana aliyeteuliwa kusoma somo la kwanza alikabidhiwa kitabu akiwa tayari amesimama mimbarini. Alipofika penye habari za ufufuo, alitutangazia kwamba wafu “watafuliwa”. Silabi moja tu ilimponyoka, na wafu wakawa nguo. Baadhi ya vijana walicheka. Mjane wa marehemu aliinamisha kichwa.

Hayo hayakutosha. Wakati wa mageuzo, kengele ilipolia na waumini wakapiga magoti, mpiga picha alipanda hadi kwenye ngazi za altare akaielekeza kamera yake usoni mwa padre. Kinanda cha umeme nacho kilinguruma hata maneno ya kwaya yasisikike. Nilitoka pale nikijiuliza: je, tumesahau maana ya kuabudu?

Swali hilo aghalabu huzua majibu mawili ya haraka. Kuna wanaodai kwamba uzuri wa Misa ulizikwa pamoja na Kilatini. Wengine huilaumu ngoma, wakishikilia kuwa kayamba na vigelegele ndivyo vilivyoifukuza heshima kanisani. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea, na historia yenyewe ni shahidi.

Mnamo tarehe 4 Desemba, 1963, Papa Paulo wa Sita alitangaza rasmi Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia. Hati hiyo iliruhusu lugha za wenyeji zitumike kwa mapana zaidi, lakini haikukifuta Kilatini, na ilizipa nyimbo za Kigregori mahali pa kwanza katika liturujia ya Kirumi. Papo hapo iliagiza kwamba muziki wa jadi wa watu katika nchi za misheni upewe heshima unayostahili. Fauka ya hayo, ilidai pawepo ukimya mtakatifu kwa nyakati zake, na ikahimiza uzuri wenye adhama badala ya fahari tupu. Anayeitumia hati hiyo kutetea zogo hajaisoma; na anayeitumia kuipiga vita ngoma hajaisoma pia.

Hata kabla ya Mtaguso huo kuanza, jibu lilikuwa limekwisha kusikika katika Afrika. Mwaka wa 1958, huko Kamina, katika Kongo iliyokuwa ikitawaliwa na Ubelgiji, padre Mfransisko aitwaye Guido Haazen na kwaya yake ya wavulana na walimu waliimba Misa iliyokuja kujulikana kama Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini. Mahadhi, sauti na ngoma zilikuwa za Kongo. Anayeisikiliza santuri yake hasikii vurugu, bali ngoma ijuayo wakati wa kurindima na wakati wa kunyamaza. Tena, Roma ilipouidhinisha mwaka wa 1988 utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikubali watu wacheze kuizunguka altare. Kucheza huko kuna mahali pake na mpango wake. Ngoma, basi, haina hatia.

Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, naomba radhi ya msomaji nirejee maneno. Chunguza msamiati wa kanisani. “Padre” tulilipokea kwa Wareno. “Kanisa”, “ibada” na “sala” asili yake ni Kiarabu. “Misa” ni la Kilatini, na “ekaristi” ni la Kiyunani. Lakini palipohitajika neno la kuutaja moyo wa mambo haya, Kiswahili hakikwenda kukopa. “Kicho” latokana na kitenzi cha Kibantu “-cha”, yaani kuogopa kwa heshima. Ndiyo maana twasema “mcha Mungu”. “Takatifu” nalo latokana na “takata”, kuwa safi. Wazee wa Kikuyu waliosali chini ya mugumo wakiuelekea Mlima Kenya hawakuhitaji mmishenari awafunze kwamba mbele ya Mungu mtu huwa na adabu yake. Vyombo vya ibada tuliletewa. Kicho tulikuwa nacho.

Wapo watakaosema kwamba uzuri ni gharama, na parokia nyingi ni fukara. Hoja hiyo haina mashiko. Kitambaa cheupe kilichofuliwa vyema, kikatandikwa juu ya meza ya mbao, kina adhama kuliko maua ya plastiki na taa za rangi saba. Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ukipata maji basi. Kusoma somo mara tatu nyumbani hakulipiwi ada. Ukimya hauuzwi dukani. Kumwomba mpiga picha asimame kando hakuhitaji harambee.

Walimu mnaosimamia Misa za shule, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Mpeni msomaji kitabu siku iliyotangulia, amsomee mwenziwe kwa sauti, na aulize maana ya kila neno linalomtatiza. Wanakwaya na wauelewe wimbo kabla ya kuutafutia madoido. Nanyi wanafunzi, zimeni simu zenu kabla ya kuvuka kizingiti. Anayejizoeza kulisoma neno kwa heshima kanisani hatalichezea darasani.

Marehemu mwalimu wetu alikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi jioni aliwakusanya wasomaji wa Jumapili, akawasomesha mpaka kila silabi ikae mahali pake. Hakuwa na shahada yoyote, wala hakuwahi kututajia hati ya Mtaguso. Nasi tulidhani ni ukali wa mwalimu tu. Siku ya mazishi yake ndipo nilipotambua kwamba kilikuwa kicho. Silabi ile iliyoanguka mimbarini ni deni letu kwake, na Jumamosi ijayo ni siku njema ya kuanza kulilipa.