Kuni Mbili za Mjane

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, twasoma habari za mjane wa Sarepta. Nabii Eliya alimkuta langoni mwa mji akiokota kuni. Mjane alitaka kuni mbili tu, apate kupika unga wake wa mwisho, ale pamoja na mwanawe. Mara nyingi twafundishwa juu ya unga wake na mafuta yake, ambayo hayakupungua. Leo tuziangalie kuni zake. Zilikuwa mbili, na kwa moto ule mdogo alimpikia kwanza mgeni.

Je, sisi wa Lituhi, tukaao karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia katika Ziwa Nyasa, kuni zetu ni ngapi? Kila mama ajua jibu, maana shingo yake ndiyo izichukuayo.

Fikirini nyumba moja. Mama huondoka alfajiri kwenda porini, na binti yake humfuata. Warudipo jua limekwisha kuwa kali, na binti amechelewa shule. Mzigo ule hutumika siku mbili, kumbe ungaliweza kutosha siku tatu. Basi siku ile ya tatu ni mali iliyopotea. Ingalikuwa siku ya masomo kwa binti, na siku ya mama kupumzika au kumtazama jirani mgonjwa.

Tena moto mbaya hauli kuni tu, hula na afya. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa ajili ya hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wa miaka kumi, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Hili ni jambo jema, na mwenye uwezo wa kununua jiko la gesi asikawie. Walakini nyumba nyingi zingali na mafiga matatu, nazo zaweza kuanza leo.

Kwanza, kuni ziwe kavu. Ukichoma kuni mbichi, moto hutumia nguvu zake kukausha maji yaliyomo ndani yake, nawe wapata moshi badala ya joto. Pasueni kuni mapema, mkaziweke mahali pasiponyeshewa, kabla ya masika.

Pili, kingeni moto na upepo. Upepo wa ziwa, hasa katika miezi ya Mei hata Agosti, huchukua joto kabla halijafika chunguni. Jengeni ukuta mfupi wa udongo kuzunguka mafiga, na mwache mlango mmoja wa kutilia kuni. Moshi nao upate njia ya kutoka.

Tatu, funikeni chungu. Na maji yakisha kutokota, toeni vijinga vilivyozidi, mkavizime kwa mchanga. Maji yanayotokota kwa nguvu hayashindi kwa joto yale yanayotokota polepole. Kuni zile za ziada zawaka bure.

Nne, maharage yalowekwe tangu jioni. Asubuhi yachemsheni sana hata yaanze kulainika, kisha funikeni chungu vizuri, mkakitie katika kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu na nguo nzito, mbali na moto. Joto lililomo chunguni litaendelea kuyaivisha saa nyingi pasipo kuni. Kabla ya kula, yachemsheni tena.

Tano, usipa waanikwe juani juu ya chanja. Samaki wa kubanikwa, majirani watatu au wanne wawabanike pamoja kwa moto mmoja, badala ya kila nyumba kuwasha wake.

Hapo twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko kuni zenyewe. Ndugu zetu Wamatengo, wa milima ya Mbinga, walikuwa na desturi ya kale iitwayo sengu: watu wa ukoo walikusanyika, wakala pamoja, na palepale wakafanya shauri na kuwaonya vijana. Chakula kimoja kilikuwa pia baraza na shule. Wazee wale walifahamu kwamba watu walao pamoja hawawezi kuachana katika shida. Figa moja haliinjiki chungu.

Akina baba, msiseme, "Habari za jikoni ni za wanawake." Shoka ni lenu, na ukuta wa mafiga ni kazi ya asubuhi moja. Pandeni mijohoro kando ya mashamba wakati wa mvua, maana mti huo ukikatwa huchipua tena. Nanyi walimu, wapeni watoto vyungu viwili vilivyo sawa na maji ya kipimo kimoja. Kimoja kifunikwe, kingine kiwe wazi. Wahesabu kuni za kila kimoja mpaka maji yatokote. Watakalolipeleka nyumbani halitasahauliwa upesi.

Na ile siku ya tatu je, tuifanyeje? Katika kila jumuiya yetu yumo bibi kizee asiyeweza tena kwenda porini. Akikosa kuni hulala na njaa, ijapokuwa unga anao. Basi kila nyumba iliyookoa kuni imchagulie ukuni mmoja mkavu, na mtoto aupeleke Jumamosi jioni. Nyumba kumi zikifanya hivyo, ana kuni kumi, naye ameamkiwa mara kumi.

Mjane wa Sarepta alikuwa na kuni mbili, na mgeni akala. Sisi tulio na mzigo mzima tusishindwe naye.