Mfua Nazi Asiye na Kifuo

Mkulima wa Pemba akitaka kufua nazi husimika kifuo ardhini, akaipigilia nazi kwenye ncha, akaisokota mara mbili tatu, na makumbi yakaachia. Kaa wa nazi hana kifuo. Yeye huanza upande wenye macho matatu, akachomoa nyuzi za kumbi moja baada ya nyingine kwa magando yake, kazi inayoweza kumchukua saa nyingi. Macho yakishatokeza, hulitwanga moja mpaka litoboke, ndipo aifikie nyama iliyomo.

Charles Darwin alipofika visiwa vya Keeling, katika Bahari ya Hindi, mwaka 1836, aliieleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Aligusia pia swali ambalo mtu wa pwani angelitaka lijibiwe: makumbi huenda wapi? Kaa huyarundika shimoni mwake akayafanya kitanda. Wamalai wa visiwani walilijua hilo, wakawa wanamchokorea shimo na kuyachukua kwa matumizi yao.

Katika jamii pana ya kaa, wadudu, nge na buibui, hakuna aishiye nchi kavu anayemfikia huyu kwa ukubwa. Hufika kilo 4, na miguu yake ikinyooshwa hukaribia mita 1 kutoka ncha hadi ncha. Rangi yake ni ya buluu iliyoiva, au zambarau, au nyekundu ya udongo. Makazi yake yanaanzia kwetu Tanzania, visiwani Chumbe, Misali na Mbudya, yakavuka Bahari ya Hindi mpaka visiwa vya Gambier ndani kabisa ya Pasifiki. Sisi tuko kwenye ukingo wa magharibi wa himaya yake.

Gando linabana kiasi gani?

Watafiti wa Okinawa, Japani, walipima nguvu za kaa 29 wa porini na kutoa matokeo mwaka 2016. Aliyebana kwa nguvu kuliko wote, mwenye kilo 2 hivi, alifikia nyutoni 1,765, sawa na kuwekewa kidoleni mzigo wa kilo 180. Kwa kuwa nguvu hupanda kadiri mwili unavyokua, walikadiria kuwa kaa wa kilo 4 angepita nyutoni 3,300.

Nguvu hizo si za nazi tu. Kaa huyu hula matunda yaliyoanguka, mizoga, hata kaa wenzake, na kwenye kisiwa chenye minazi michache haoni shida. Mwaka 2017 mtafiti Mark Laidre aliandika alichokishuhudia visiwani Chagos: kaa alipanda mti usiku taratibu, akamkamata ndege wa baharini aliyelala tawini, akamvunja bawa na kumwangusha. Kisha akashuka kumfuata. Muda si mrefu kaa wengine wakajikusanya, kila mmoja akitaka sehemu yake.

Walijuaje? Kwa kunusa. Kaa wa majini hupokea harufu iliyoyeyuka kwenye maji. Huyu hupokea ile inayoelea hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa papasi zake hunusa kwa namna inayofanana sana na ya wadudu, ingawa nasaba zao ziliachana zamani mno. Mara kwa mara huzichezesha papasi hizo fupi, juu chini, akiuonja upepo.

Mzaliwa wa bahari asiyejua kuogelea

Mtumbukize majini na atakufa. Matamvua yake yamebaki kidogo tu na hayamtoshi; anavuta hewa kwa kiungo cha mfano wa mapafu kilichomo chini ya gamba, pande zote mbili za mwili. Kiungo hicho lazima kiwe na unyevu. Kwa hiyo huchovya maji kwa jozi yake ya mwisho ya miguu, ile midogo isiyoonekana kwa urahisi, kisha huipenyeza chini ya gamba na kujilowanisha kwa ndani.

Pamoja na hayo, kila kaa wa nazi aliye hai amepitia baharini. Jike huyabeba mayai chini ya tumbo, na yakiwa tayari huteremka mpaka penye mawimbi, maji yakiwa yamejaa, akayaachia. Viluwiluwi huchukuliwa na mkondo kwa wiki tatu au nne, chakula cha kila mwenye mdomo. Wachache wanaosalimika hutua chini, hujitafutia kombe tupu la konokono, huingiza tumbo lao laini humo na kupanda pwani wakilibeba. Ni ndugu wa wale kaa wadogo wanaotembea na makombe ufukweni. Tofauti ni kwamba huyu hukua, akalitupa kombe, na tumbo lake likajijengea ugumu wake lenyewe. Toka hapo harudi tena baharini, isipokuwa jike anayekwenda kuachia mayai.

Jiwe lenye mapango

Chumbe, kilomita 12 hivi kutoka mjini Unguja, ni kisiwa cha mawe ya matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Maji yaliposhuka, matumbawe yalibaki hewani, na mvua ikayatafuna. Ndiyo maana uwanda wake umejaa ncha kali, nyufa na mapango, na maji matamu hayatuami. Mimea imeingiza mizizi ndani ya nyufa hizo, na humo humo ndimo kaa anamoshinda mchana, kwenye giza na ubichi, akikwepa jua lisimkaushe.

Nyufa humfaa zaidi wakati wa kujivua gamba. Hujificha wiki kadhaa, akatoka kwenye gamba la zamani akiwa laini na hoi, kisha akalila ili asipoteze chokaa yake. Akichimbuliwa wakati huo, hana la kujitetea.

Adui wa mwenye nguvu

Gando lake linamtosha mbele ya karibu kila mnyama wa kisiwani. Halimsaidii mbele ya mtu mwenye gunia, na watoto wake wadogo hawana la kuwafanya panya. Hukomaa akiwa na miaka kama 5, na wale wakubwa kabisa hukadiriwa kuwa na miaka 40 au zaidi. Chukua mwaka 1992, Tanzania ilipoingia mfumo wa vyama vingi. Wapo kaa wanaotembea leo ambao wakati huo walikuwa tayari wameshatupa makombe yao. Ukiwakamata wakubwa wote wa kisiwa kwa msimu mmoja, utasubiri kizazi cha binadamu kuwaona wengine wa kimo kile. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini sasa inamweka miongoni mwa walio kwenye tishio la kutoweka.

Kisiwani Chumbe kaa huyu amepona kwa sababu mbili. Msitu na mwamba wake vilitangazwa hifadhi katikati ya miaka ya 1990, vikalindwa na waliokuwa wavuvi wa eneo hilo, na gharama zikalipwa na ada za wageni. Kisha, mwaka 1997, panya waliondolewa kisiwani.

Ukienda kumtazama

Lala kisiwani, kwa sababu hutoka usiku. Weka nafasi mapema, kwani Chumbe hupokea wageni wachache kwa wakati mmoja. Fuatana na mwongozaji, tembea polepole, na umulike tochi chini, siyo machoni mwake. Usimpe chakula wala usimwinue kwa ajili ya picha. Mkoba wenye ndizi usiuache chini, maana ataunusa kabla hujageuka. Na vaa viatu vinavyofunika vidole: jiwe la uwanda linakata, na gando halina kujaribu mara ya pili.