Mgonjwa wa kazini na marafiki wa simuni

  

Leo napenda tuzungumzie jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea. Kwa muda mrefu, katika darsa na hata juu ya mimbari, nimekuwa nikiwakemea vijana na akina mama wanaokesha katika makundi ya WhatsApp, nikisema kwamba urafiki wa simuni ni upuuzi usio na baraka. Aliyenisahihisha ni mama mmoja wa hapa Mtwara, mbanguaji wa korosho, ambaye ameniruhusu nieleze yaliyomsibu bila kumtaja jina.

Watu wa pwani hii, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma, hawahitaji kuelezwa adha za korosho, lakini msomaji wa mbali huenda hazijui. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mbanguaji asiyevaa glovu, au asiyejipaka majivu ama mafuta kama walivyofanya bibi zetu, huchubuka vidole. Hata glovu zikiwapo, malipo ni kwa kilo, na mkono uliovaa glovu ni mzito, wengi huzivua. Huko mashambani nako, mikorosho inapoanza kuchanua, wakulima hutoka alfajiri, umande ungali majanini na upepo haujavuma, wakapulizia salfa kuzuia ubwiriunga. Vumbi lile la njano huwasha macho na koo, na mwenye pumu hulitambua kabla hajaliona. Mama huyu alikuwa na yote mawili, pumu na vidole vilivyochubuka.

Akaficha. "Shekhe," aliniambia, "nikikohoa mbele ya msimamizi, kesho nafasi yangu anayo mwingine." Mchana alijikaza, usiku akawaeleza kwa ujumbe wa sauti wenzake aliosoma nao madrasa utotoni. Wengine wapo Masasi, wengine Dar es Salaam, mmoja Muscat. Walimwombea dua, wakamchangia nauli na fedha ya dawa, na kila asubuhi walimuuliza amelalaje. Nilipomwambia kwamba hayo yote ni maneno ya hewani tu, jibu lake lilinikata maini: "Hao unaowaita watu wa hewani ndio waliojua kama naumwa. Msikitini, nyumba ya tatu kutoka kwangu, hakuna aliyeuliza."

Msikiti huo ndio ninaoswalisha.

Nilipotafakari nikakumbuka kwamba sisi wa umri wangu tulikua tukisikiliza kipindi cha Ugua Pole cha Radio Tanzania, na hapakuwa na shekhe aliyesema kwamba salamu zile hazina maana kwa kuwa zilipita angani. Aidha, tunafundishana kwamba dua ya Muislamu kwa nduguye aliye mbali naye ina daraja kubwa. Basi aliye Muscat akimwombea aliye Mtwara, tumlaumu kwa lipi?

Hata hivyo, haifai tuishie kusifu, kwani ndani ya kundi lilelile yalitokea mambo mawili ya kusikitisha. La kwanza, mmoja wao, kwa nia njema bila shaka, alimwelekeza mchanganyiko wa habasoda na asali kuwa ndio tiba ya kifua, akamwambia dawa za hospitali zitamzoesha. Mama wa watu akaacha kwenda kliniki karibu mwezi mzima, hadi usiku mmoja pumzi zikambana na jirani akamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Habasoda ina nafasi yake, nami nyumbani kwangu haikosekani, lakini kumzuia mwenye pumu asitumie dawa ya kuvuta aliyopewa na daktari ni kuibebea nafsi dhima ya roho ya mtu.

La pili, alituma picha ya vidole vyake kwa rafiki mmoja tu, muuguzi, ili apate ushauri. Sijui ilitokaje humo. Baada ya siku chache picha ilikuwa imezagaa katika makundi mengine na ikamfikia msimamizi wake, ambaye alimwita mbele ya wenzake na kumuuliza kama anataka kukichafua kiwanda. Siri ya mgonjwa ni amana, na kubonyeza kitufe cha kusambaza ni sawa na kuisema sokoni.

Aliyemwokoa ni mwenzake mwingine wa kundi hilohilo, karani wa ofisi moja Dar es Salaam, aliyemfungua macho juu ya haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, maadamu ana cheti cha daktari. Nao wafanyakazi wa msimu hawakusahauliwa katika likizo zenye malipo. Kwa maradhi yanayotokana na kazi yenyewe, ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza mwaka 2015. Kulinda afya ya mfanyakazi mahali pa kazi ni wajibu wa mwajiri kisheria. Nakiri kwamba katika khutba zangu zote kuhusu haki za vibarua sikuwahi kuyataja hayo, kwa kuwa sikuyajua.

Wanawake wawili wa mtaani, ambao nao walizipata habari zake kupitia simu, walimsindikiza hospitali kuchukua cheti, kisha wakaenda naye hadi mlangoni mwa kiwanda. Msimamizi alikipokea. Sasa amehamishiwa upande wa kupanga madaraja, ambako mafuta ya ganda hayamfikii, ingawa ujira wake umepungua na madai yake ya fidia hayajajibiwa.

Nilikwenda kumjulia hali Jumapili iliyopita baada ya swala ya alasiri, pamoja na mke wangu. Alitukaribisha chai, akakohoa kidogo, akaniomba namba yangu ya simu aniingize kwenye kundi. Nikampa.